Deki Kwanza, Kompyuta Baadaye

Katika nyumba nyingi za mwambao wetu, kutoka Lamu mpaka Mtwara na visiwani kote, na katika nyumba za jamaa zetu waliohamia Maskati na London, kuna kabati au sanduku ambalo ndani yake imelala mikanda ya video ya harusi, maulidi, mahafali na usiku wa taarabu, mikanda ambayo wenyewe wanaienzi kwa maneno lakini hawaitazami tena, kwa kuwa deki iliyokuwa ikiichezesha iliharibika zamani au ilikwisha kwenda kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Siku hizi imezuka ghera njema ya kuihamishia mikanda hiyo katika kompyuta, ili sura na sauti za wazee waliotutangulia zibaki mahali ambapo wajukuu wataziona, nami naiunga mkono ghera hiyo kwa dhati. Walakini wengi wanaoianza kazi hii huikatiza njiani, mikononi mwao wamebaki na picha inayotetemeka, rangi iliyopotea au sauti isiyofuatana na midomo, na hukumu wanayotoa ni ile ile: kompyuta ni mbovu, inunuliwe nyingine. Maoni yangu ni kwamba hukumu hiyo aghalabu ni ya dhuluma. Kompyuta ni ya mwisho katika safu ya vyombo vinavyopokezana picha, na mwenye kuitafuta kasoro hana budi kuanzia mwanzo wa safu, yaani katika mkanda wenyewe na katika deki, kabla hajatia mkono mfukoni.

Ili hoja hii ifahamike, yafaa kwanza kuujua mkanda ulivyo. VHS, aina iliyoenea kuliko zote, ililetwa sokoni na kampuni ya JVC ya Japani mwaka 1976, nayo ni utepe wa plastiki wenye upana wa milimita 12.7, uliopakwa unga wa madini yenye sumaku. Ndani ya deki, utepe huo hufungwa kwenye pipa dogo la chuma ambalo, kwa mfumo wa televisheni tuliokuwa tukiutumia huku kwetu, huzunguka mara 25 kwa sekunde, na hedi mbili zilizopachikwa ubavuni mwa pipa huusoma utepe kwa mistari ya mshazari, kila mstari ukiwa na nusu ya picha. Maadamu pipa na mota ni vyuma vinavyochakaa na utepe ni plastiki inayonyumbuka, hakuna mzunguko ulio sawa kabisa na uliotangulia: mara ishara hufika mapema kwa kiasi kisichoonekana, mara huchelewa. Televisheni ya chogo iliumbwa kwa ajili ya ulimwengu huo wa makadirio, nayo husamehe. Kifaa cha kunasia picha, kile kinachokaa kati ya deki na kompyuta, hakisamehi. Chenyewe hutaka kila kitu kifike kwa wakati wake, na kisipofika, ama huitupa picha nzima ama huirudia iliyopita. Ndiyo maana mkanda uonekanao mzima sebuleni kwenye televisheni ya zamani huonekana mgonjwa unapofikishwa kwenye kompyuta, na mwenye kuitazama kompyuta peke yake hujiona ana haki ya kuilaumu.

Wala msomaji asidhani kwamba jambo hili ni la upuuzi wa kujifurahisha nyumbani. Kenya ilikuwa na televisheni tangu mwaka 1962, na Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 70. Lakini Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni mpaka miaka ya 90. Kwa muda wote huo, aliyekuwa na seti nyumbani Dar es Salaam au Tanga aliinunua kwa ajili ya deki, na mpiga picha wa mtaani mwenye kamera yake begani ndiye aliyekuwa mwandishi wa tarehe ya watu wa kawaida. Ngoma aliyoirekodi, ukumbi ambao leo umevunjwa, bibi harusi akisingwa, shehe akisoma na watoto wakiitikia, hayo yote hayamo katika hazina ya kituo chochote, kwani kituo hakikuwapo. Yamo katika kabati. Na ikiwa yamo katika kabati tu, basi kuyanasa kwa namna mbaya, kisha mkanda ukatupwa kwa kudhaniwa kuwa kazi imekwisha, ni hasara isiyofidika.

Tuanze, basi, na mkanda. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini wao hawakuujua utepe wa sumaku ukikaa katika hewa ya pwani. Ukikibonyeza kile kitufe kidogo cha ubavuni mwa kasha, kifuniko cha mbele hufunguka, na utepe ukionekana mweusi au wa hudhurungi, laini, wenye kung'aa, mshukuru Mungu. Ukitazama kupitia kidirisha cha juu ukaona unga mweupe au madoa ya kijivu kwenye kingo za utepe uliojiviringisha, hiyo ni kuvu, na mkanda huo usitiwe katika deki yako kwa hali yoyote, kwa maana kuvu huhamia kwenye hedi, na hedi huupelekea mkanda unaofuata, hata sanduku zima likaambukizwa kwa siku moja. Mkanda wa namna hiyo ni wa fundi mwenye deki maalumu ya kusafishia. Uliosalimika nao, kama ulikaa miaka mingi bila kuguswa, uzungushwe mpaka mwisho na kurudishwa mwanzo kabla ya kuchezeshwa, ili utepe ulioshikana uachane na mvuto wake ulingane.

Baada ya mkanda ni deki, na hapa ndipo ninapotaka kukaa kidogo, kwa sababu hapa ndipo nusu ya malalamiko ninayoyasikia yanapozaliwa. Picha ikijaa chenga, au ikiwa na chenga kwa juu na nzima kwa chini, jambo la kwanza ni kukitafuta kitufe ambacho mafundi hukiita trakingi na kukisogeza taratibu kwenda na kurudi, kwa kuwa hedi za deki yako hazikupangwa sawasawa na zile za deki iliyorekodi. Chenga zisipoondoka, hedi zina uchafu. Husafishwa kwa spiriti kali isiyo na maji mengi na kipande cha ngozi laini kisichotoa nyuzi, deki ikiwa imechomolewa umeme: ngozi hiyo hushikwa pasipo kutikisika juu ya ubavu wa pipa, na mkono mwingine ndio unaolizungusha pipa polepole. Anayesugua juu na chini, au anayetumia kijiti cha pamba ya masikio, huenda akazivunja hedi kwa dakika moja, nazo ni vijipande vyembamba visivyo na mbadala dukani. Deki ikiutafuna utepe au ikisimama yenyewe, aghalabu ni mipira ya ndani iliyokauka, na fundi wa zamani bado anaweza kuibadilisha. Yote haya, msomaji ataona, hayahusu kompyuta hata chembe.

Njia ya kuthibitisha ni nyepesi nayo haina gharama: iunganishe deki na televisheni ya chogo, kama ipo kwako au kwa jirani, uutazame mkanda kwa dakika kumi. Ikiwa kasoro inaonekana huko, imo katika mkanda au katika deki, na hakuna programu wala kompyuta ya bei yoyote itakayoiondoa kwa ukamilifu. Ikiwa huko ni salama na kwenye kompyuta ni taabu, hapo ndipo uendelee mbele. Kuna alama nyingine ambayo televisheni ya chogo itakuficha, nayo haina madhara: vimistari vichache vilivyopinda chini kabisa ya picha, pale hedi moja inapoipokea kazi ya nyingine. Vimistari hivyo vilikuwapo tangu siku ya kwanza, ila kioo cha chogo kilikuwa kikizificha kingo za picha nyuma ya fremu yake. Nimesikia watu wakirudisha vifaa dukani kwa sababu ya vimistari hivi.

Kutoka deki tuje kwenye nyaya na mfumo. Waya wa njano huchukua picha, mweupe na mwekundu huchukua sauti, na deki yenye tundu la S-Video ni bora zaidi, kwa sababu hutenganisha mwanga na rangi. Lakini programu ya kunasia haijui umechomeka wapi mpaka uiambie, na skrini nyeusi mara nyingi haina siri nyingine ila kwamba umechomeka waya wa njano ilhali programu imeelekezwa kusubiri S-Video. Picha ikija bila rangi, au ikipanda na kushuka bila kutulia, tazama mfumo. Tanzania, Kenya na Omani zilitumia mfumo wa PAL, wenye mistari 625 na nusu-picha 50 kwa sekunde. Marekani, Kanada na Japani zilitumia NTSC, wenye mistari 525 na nusu-picha zinazokaribia 60. Ufaransa ilikuwa na SECAM yake. Mkanda wa harusi uliotumwa na dada aliyeko Toronto, basi, haukuumbwa kwa deki ya Mombasa. Deki nyingi za miaka ya mwisho huweza kuuchezesha kwa kuichanganya mistari 525 na rangi ya PAL, na televisheni huukubali mchanganyiko huo bila kinyongo. Lakini vifaa vingi vya kunasia haviujui, navyo hutoa picha ya kijivu au iliyovunjika. Hapo dawa ni deki itoayo NTSC halisi na programu iliyowekwa kwenye NTSC, wala si kompyuta mpya.

Sasa tuingie katika malalamiko makubwa kuliko yote, yaani sauti kuachana na picha. Dakika za mwanzo, mwimbaji anafungua kinywa na sauti inatoka. Kufika katikati ya mkanda, kinywa kimeshafumbwa na sauti ingali inavuta. Kufika mwisho, wapiga fidla wameweka pinde chini na muziki bado unalia. Wengi huamini kwamba kompyuta imechoka njiani. Hesabu inasema vingine. Mfumo wetu una picha 25 kwa sekunde. Ikiwa kifaa kinadondosha picha moja tu katika kila sekunde kumi, kwa sababu ya ule mtetemeko wa utepe niliokwisha kuueleza, saa moja itapoteza picha 360, yaani sekunde 14 na ushei, na sauti, ambayo haikudondoshwa, itakuwa imebaki peke yake kwa kiasi hicho. Programu njema huonyesha hesabu ya picha zilizodondoka wakati kazi inaendelea, na mwenye kunasa yampasa aitazame hesabu hiyo kuliko anavyoitazama sherehe. Tiba yake iko kabla ya kompyuta: chombo cha kusawazisha muda wa mistari, ambacho baadhi ya deki bora za S-VHS zinacho ndani yao, au, kwa asiyekuwa na uwezo, kinasa-DVD cha zamani kinachowekwa kati ya deki na kifaa ili ishara ipitie humo na kutulia. Si vinasa-DVD vyote vifaavyo, lakini baadhi ya vile vya Panasonic vya katikati ya miaka ya 2000 vimejipatia sifa kwa kazi hii moja, na vingi vimelala stoo vikidhaniwa kuwa takataka.

Kadhalika sauti huachana na picha ikiwa waya mweupe na mwekundu zimechomekwa kwenye tundu la kompyuta badala ya kifaa kile kile kinachopokea picha, kwa kuwa saa mbili zisizojuana huanza kuhesabu muda kila moja kwa mwendo wake. Tena tundu la maikrofoni lina ubaya mwingine: hulikuza lisilohitaji kukuzwa, na zumari ikageuka kelele. Mngurumo mzito wa kudumu chini ya sauti, nao, ni umeme wa nyumba. Chomoa chaja ya kompyuta mpakato ufanye kazi kwa betri kwa dakika chache, na mngurumo ukikoma, utakuwa umekwisha kumjua mhalifu.

Kuna fumbo moja jingine linalostahili kutajwa, maana huwavunja watu moyo. Kifaa hukataa kazi kikidai kwamba mkanda umelindwa usinakiliwe, ilhali ni mkanda wa hitima ya babu, uliorekodiwa uani. Ulinzi wa namna hiyo, uitwao Macrovision, uliingizwa katikati ya miaka ya 80 kwenye mikanda ya filamu za madukani, na ulifanya kazi kwa kuvuruga ile mistari isiyoonekana iliyo kati ya picha na picha. Mkanda wa nyumbani uliochakaa huvurugika mistari hiyo hiyo kwa uzee wake, na kifaa kisichokuwa na busara huudhania uzee kuwa ni hila. Safisha hedi, rekebisha trakingi, pitisha ishara katika chombo cha kusawazisha, na mara nyingi tuhuma itaondoka.

Insafu inanilazimu kukiri kwamba kompyuta nayo ina dhambi zake, ingawa ni ndogo na hazihitaji fedha. Windows ya siku hizi huzuia programu zisitumie kamera na maikrofoni mpaka mwenye kompyuta aziruhusu kwenye mipangilio ya faragha, na kifaa cha kunasia huhesabiwa kuwa kamera. Basi picha nyeusi au ukimya wa sauti huweza kutoka kwenye kitufe kimoja kilichozimwa. Kifaa kichomekwe moja kwa moja kwenye tundu la USB la kompyuta, si kwenye kigawanyio kinachogombaniwa na kipanya, flashi na printa. Usingizi wa kompyuta uzimwe, na masasisho yangoje. Picha ya PAL isiyobanwa, yenye nukta 720 kwa 576, hula gigabaiti zipatazo 75 kwa saa, na diski iliyopangwa kwa utaratibu wa FAT32 haikubali faili moja kupita gigabaiti 4. Anayeshangaa kwamba kunasa husimama kila baada ya dakika tatu na nusu asitafute mchawi. Tena asiamuru programu iziunganishe nusu-picha wakati wa kunasa. Mkono unaopungwa utaonekana umekatika mistari mistari kwenye skrini ya kompyuta, na hilo ni sawa. Nusu hizo huunganishwa baadaye, kwenye nakala, kwa utulivu, zikatoa mwendo laini wa picha 50 kwa sekunde, ambao hupotea daima iwapo zimeunganishwa vibaya tangu mwanzo.

Nimeyapanga haya kwa utaratibu wa mkanda, deki, waya, kifaa, kisha kompyuta, kwa sababu utaratibu wenyewe ndio elimu. Anayebadilisha vitu vitatu kwa mpigo na picha ikapona hajui kilichoiponya, na anayebadilisha kitu kimoja tu, akatazama, kisha akaenda kwa kinachofuata, huwa amejifunza jambo hata aliposhindwa. Mchagua jembe si mkulima, na mnunuzi wa kompyuta ya tatu si mhifadhi.

Fauka ya hayo, kuna sababu ya umma inayofanya kosa hili la kuilaumu kompyuta liwe baya kuliko linavyoonekana. Kompyuta zitaendelea kutengenezwa kila mwaka. Deki hazitengenezwi tena: kampuni ya Funai ya Japani, iliyokuwa ya mwisho kuziunda, ilisimamisha kazi hiyo Julai 2016, na kila hedi inayokufa tangu siku hiyo haina mrithi. Mwaka 2019 UNESCO pamoja na IASA, jumuiya ya kimataifa ya hifadhi za sauti na picha, zilitoa tahadhari juu ya utepe wa sumaku, na miongoni mwa wataalamu mwaka 2025 ulikuwa umekwisha kutajwa kuwa ndio mpaka, ambao baada yake kazi ya kuihamisha mikanda ingekuwa ngumu na ghali mno. Mwaka huo umepita, na mikanda yetu ingali kabatini. Kwa hiyo fedha ya familia ikiwa ni ya kununua kitu kimoja, kinachostahili kununuliwa ni deki nzima au ufundi wa kuifufua iliyopo. Na kifaa cha kunasia cha bei ya wastani pamoja na kompyuta ya zamani yenye diski kubwa vitatosha.

Najua watakaosema kwamba haya ni mateso, na kwamba afadhali kuipeleka mikanda kwa duka linalofanya kazi hiyo. Mwenye fundi mwaminifu na ampelekee, hasa mikanda yenye kuvu na iliyokatika. Lakini amsisitizie ampe faili kubwa isiyobanwa sana, isiyounganishwa nusu-picha, na amrudishie mkanda wake. Nimeona faili zilizotoka madukani zikiwa zimebanwa mpaka nyuso za wazee zimekuwa madoa, na waharusi wamepanuliwa ubavuni ili wajaze skrini pana. Hakuna aliyeliona kosa hilo mapema, kwa kuwa kila mtu alifurahi tu kwamba kitu kimetokea kwenye skrini.

Na kwa sababu deki ni chache na mikanda ni mingi, sioni kwa nini kila nyumba ihangaike peke yake. Mtaa unaweza kuwa na deki moja iliyosafishwa, ikatunzwa na mtu mmoja mwenye subira, na nyumba zikapokezana kwa zamu. Klabu ya taarabu, msikiti, kanisa au shule yenye sanduku lake la mikanda inaweza kuanza na hiyo. Mwenye deki inayofanya kazi leo ameshika amana isiyokuwa yake peke yake, na asiiuze kwa bei ya chuma. Kazi ikikamilika, faili ziwekwe kwenye diski mbili katika nyumba mbili, na mikanda yenyewe irudishwe kabatini, imesimama wima, mbali na jua na unyevu, kwa maana huenda kesho akatokea mwenye deki bora kuliko yetu akaisoma vizuri zaidi kuliko tulivyoisoma sisi.